Kompyuta ndani ya tranka: naanza na hewa, sanduku baadaye

Wateja wangu wengi wa hapa Mbeya, Tukuyu na Makambako hunijia wakiwa tayari na sanduku. Mmoja ana tranka la bati la enzi za bweni, mwingine ana redio ya mbao aliyoachiwa na babu, mwingine kasha la chai la plaiwudi lililotoka Mufindi miaka hiyo chai ilipokuwa ikisafirishwa kwa makasha. Wanataka kompyuta iingie humo na ifanye kazi kama kompyuta nyingine yoyote. Kazi hii naipenda sana, ila sanduku huwa nalifikiria baadaye. Kwanza nauliza hewa itaingilia wapi, itatokea wapi, na mashine itakwenda kukaa mji gani.

Swali la mji huwashangaza watu. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15 hadi 20. Feni hupitisha ujazo uleule wa hewa popote ilipo, lakini hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa hiyo feni iliyotosha Kariakoo, hapa inafanya kazi pungufu. Tunaokolewa na baridi yetu. Asubuhi ya mwezi wa saba hata mashine iliyobanwa ndani ya sanduku baya itaonekana nzima, na hapo ndipo fundi hudanganyika. Akiipeleka mashine hiyohiyo Kyela, kule bondeni karibu na Ziwa Nyasa, mchana inaanza kujizima.

Ndiyo maana sipimi joto la prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta, peke yake. Napima tofauti kati ya prosesa na chumba. Naiwashia mashine kazi nzito, naiacha hadi joto litulie, kisha nasoma vipimo vyote viwili. Chumba kikiwa na nyuzi 18 na prosesa 68, tofauti ni 50. Kyela, chumba kikiwa na nyuzi 33, prosesa itasogea kwenye 83. Hapo bado pana nafasi, kwa sababu prosesa nyingi huanza kujipunguzia kasi zikikaribia 100. Tofauti ikiwa 65 siuzi. Narudi kwenye matundu.

Na matundu yana hesabu yake. Feni ya milimita 120 ina duara la karibu sentimita za mraba 113. Ukiifunika kwa bati lenye vitundu ambalo nusu yake ni chuma, umebakiza nusu ya njia, hivyo eneo la vitundu lazima liwe mara mbili. Wengi hukata nafasi kubwa ya kutolea hewa na kusahau ya kuingizia, feni ikabaki inanguruma bila kuvuta chochote. Mimi hupenda hewa inayoingia izidi kidogo inayotoka, ili vumbi letu jekundu la kiangazi lipite kwenye chujio badala ya kujipenyeza kwenye kila upenyo. Chujio zuri na rahisi ni kitambaa cha soksi ndefu za nailoni, kikivutwa vizuri kwenye fremu inayochomoka. Kisipochomoka hakitasafishwa.

Tranka la shule ni kasha zuri kuliko watu wanavyodhani. Bati linakatika kwa mkasi wa bati, linapokea ribiti, na la saizi kubwa linameza hata madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya saizi ya ATX, ambayo ni milimita 305 kwa 244, kipimo kilicholetwa na Intel mwaka 1995. Kasoro yake ni mtetemo: bati jembamba huimba pamoja na feni. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, viweke kati ya feni na bati, mlio unakwisha. Antena za Wi-Fi lazima zitoke nje, maana bati litazizuia.

Redio na makasha ya chai ni madogo au yana umbo gumu, hivyo huko natumia madabodi ndogo ya Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, kipimo cha kampuni ya VIA ya mwaka 2001, au natoa bodi kwenye zile kompyuta ndogo za mtumba zinazotumia adapta ya nje kama ya laptopu. Hizi za adapta ndizo ninazozipendekeza zaidi kwa mbao. Umeme wa volti 230 unaishia kwenye adapta sakafuni, ndani ya sanduku zinaingia volti 20 hivi au pungufu.

Pale pawasaplai ya kawaida, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kwa ajili ya kompyuta, inapolazimika kukaa ndani, suala la athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) halina mjadala. Rangi ya tranka nakwangua pale skrubu za pawasaplai zinapogusa, ili bati lote liungane na waya wa athi. Kwenye mbao nafunga madabodi juu ya bamba la chuma na kuliunganisha na kava la pawasaplai kwa waya. Wapo wanaoniambia kompyuta zao “zinapiga shoti kidogo” wakigusa chuma. Mara nyingi soketi ya nyumba haina athi inayofanya kazi, au wametumia plagi ya pini mbili. Pawasaplai ina kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji) za kuchuja umeme zilizounganishwa kati ya nyaya za umeme na chuma, na athi ikikosekana, chuma hicho hukaa na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, lakini mteja wa saluni mwenye mikono iliyolowa hapaswi kuusikia hata kidogo. Aite fundi umeme kwanza, kompyuta ifuate.

Kuhusu mbao: paini ya Sao Hill ni rahisi kupatikana na inapendeza ikipigwa vanishi, ila iwe imekauka kweli. La sivyo joto la ndani litamalizia kuikausha na itapinda. Mninga ni ghali lakini haupindi kirahisi. Kasha la chai lenye karatasi ya alumini ndani nalikagua kwa makini, maana kipande kinachobanduka na kudondokea bodi kinaunguza kila kitu. Inayobanduka naiondoa yote.

TV chogo sizipokei, hata mteja akiniahidi nini. Tyubu yake huweza kubaki na chaji ya maelfu ya volti baada ya kuchomolewa, na kioo chake kina risasi. Redio ya zamani inayoimba bado nayo huwa namshauri mwenyewe aiache iimbe, atafute nyingine iliyokufa.

Kuna jambo moja la kibiashara ninalolishikilia. Mashine yangu lazima fundi yeyote wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, aweze kuifungua kwa bisibisi ya kawaida na kubadilisha kifaa bila kunipigia. Kwa hiyo siweki gundi, na kwenye mtumba nachagua kwa uangalifu. Dell OptiPlex nyingi ni imara, lakini modeli za 3020 na 9020, kwa mfano, zina plagi ya umeme ya pini 8 kwenye bodi badala ya ile ya kawaida ya 24, na feni zao zina plagi ya pekee. Ukiondoa feni hiyo bodi inalalamika kila unapowasha. Zinafaa zikibaki na pawasaplai na feni zao. Ukianza kuchanganya, unamwachia mteja kitendawili.

Bei naiandika kwa mafungu: vifaa, mbao au bati, na ufundi. Mteja akitaka kupunguza, tunapunguza kwenye ramu au diski, wala hatugusi feni. Malipo ya awali yanatosha kununua vifaa, na vipya kwa mtumba vinaonekana kwenye karatasi, kila kimoja na dhamana yake.

Mashine ikisafiri kwa basi kwenda Songea au Njombe, hitisinki kubwa, kile chuma cha kupoza prosesa, naitoa na kuifunga peke yake, kwani uzito wake ukitikiswa safari nzima huweza kupasua bodi. Nafasi tupu ndani najaza sponji, na juu ya sanduku naandika kwa herufi kubwa lilazwe upande upi. Anayepokea hurudisha hitisinki kwa skrubu nne na pesti mpya (ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa) niliyomwekea kwenye bomba la sindano, mimi nikiwa kwenye simu.