Mpako wa kuzuia bakteria kwenye chuma cha mfupa ni nini?

Anayevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda mara nyingi huwekewa chuma ndani ya mfupa, kwa kawaida cha titani au chuma cha pua (kisichoshika kutu). Mpako ni tabaka jembamba linalopakwa juu ya chuma hicho kabla hakijaingia mwilini, ili liue bakteria, litulize mchochota (uvimbe na maumivu ya penye jeraha), au vyote viwili.

Chuma hakiozi, sasa kinalindwa dhidi ya nini? Tatizo ni kwamba chuma hakina mishipa ya damu, hivyo kinga ya mwili haikifikii vizuri na bakteria wachache tu hutosha kuleta maambukizi. Mwaka 1957 watafiti Elek na Conen walichoma bakteria kwenye ngozi ya watu waliojitolea. Ili jipu litoke, walihitaji mamilioni ya bakteria. Palipokuwa na kipande cha uzi wa hariri, mamia tu yalitosha. Huo ni uzi. Chuma cha paja kinaweza kupita karibu urefu wote wa mfupa.

Ukitia mkono kwenye pipa la maji ambalo halijasuguliwa kwa wiki kadhaa, utagusa ule ute unaoteleza. Bakteria waitwao *Staphylococcus aureus* hujenga ute wa namna hiyo juu ya chuma na kujificha humo, na kipimo cha dawa kinachowaua wakiwa wanaelea huwa hakiwafanyi kitu wakiwa humo. Mgonjwa anameza vidonge, usaha unakauka, kisha tundu linafunguka tena palepale. Ute ukishakomaa, mara nyingi chuma hutolewa na mtu anaanza upya. Inauma sana, hasa kwa aliyekuwa ameshaanza kutembea.

Mwaka 1987 daktari wa upasuaji wa mifupa Anthony Gristina aliyaita haya mbio: seli za mfupa na bakteria zinagombania uso uleule, na anayewahi ndiye anayekaa. Mpako hufanya kazi kwenye saa na siku za mwanzo za mbio hizo. Uliozoeleka una gentamisini, dawa ya kuua bakteria ambayo daktari Buchholz wa Hamburg alikuwa ameichanganya kwenye saruji ya mfupa (inayoshikiza viungo bandia) kufikia 1970. Hutoka kwa wingi mwanzoni, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa dawa ikichuruzika kidogokidogo kwa miezi inawafunza bakteria usugu. Fedha nayo huua vizuri, lakini ikizidi huua pia seli za mfupa zinazotakiwa kushika pale. Kwangu hapa ndipo ugumu wote ulipo: kuua bakteria ni rahisi, kuwaua bila kuufukuza mfupa ndiyo kazi.

Mchochota ni joto, wekundu, uvimbe na maumivu ambayo mwili huyaleta penye jeraha. Kwenye nyonga bandia, chembe za plastiki zinazosagika humezwa na makrofeji, seli walaji zisizoweza kuziyeyusha. Zikichokozwa hivyo huchochea mfupa uliwe hadi kiungo kilegee. Mipako yenye deksamethasoni, dawa ya kutuliza mchochota, inajaribiwa kuzituliza, ila kwa kipimo, maana kupona kwa mfupa kunaanza na mchochota huohuo, na ukiuzima wote bakteria hukosa wa kuwazuia.

Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), umefanyika utafiti wa kuweka gentamisini moja kwa moja kwenye kidonda cha muundi uliovunjika na kutoboa ngozi. Huo si mpako, ila wazo ni lilelile: dawa ipelekwe pale pale penye hatari, kwa bei ambayo hospitali ya mkoa inaweza kuimudu.