Chapa mbovu si kosa la chapa

Kiswahili kinatutega hapa. Chapa ni jina la kampuni iliyotengeneza muhuri, na chapa vilevile ni alama ambayo muhuri unaiacha kwenye karatasi. Wanaonijia na mifuko yao ya mihuri ya kugongea picha na maandishi kwenye kadi huwa wanalalamikia chapa ya pili, kisha wanataka nitibu ya kwanza. "Mwalimu, niambie tu nihamie kampuni gani, hii imenichosha." Wiki iliyopita nimeulizwa hivyo mara tatu, na mara zote tatu muhuri ulikuwa mzima. Sasa naandika, ili wa nne nimpe asome.

Yule wa tatu alikuja na muhuri wa ua kubwa, wa fotopolima (ile malighafi laini inayopenya mwanga), uliokuwa ukitoka na pengo katikati, kana kwamba ua limeliwa na panya. Alishaamua kuwa kampuni imemdhulumu. Nilichukua muhuri uleule, pedi yake ileile ya wino na karatasi yake mwenyewe, nikatandika mkeka mwembamba wa sponji chini ya karatasi, nikagonga mara moja. Ua likatoka zima. Akanitazama kama nimefanya kiinimacho.

"Kampuni fulani ndiyo yenye mihuri mizuri"

Kati ya kauli ninazosikia, hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana inamfanya mtu anunue upya kitu alichonacho. Jina la kampuni halikuambii umeshika nini mkononi. Hero Arts, walioanza kazi hii mwaka 1974, wanajulikana kwa mihuri ya kibao cha mti, ya mpira wenye sponji ya kunata, na ya fotopolima. Penny Black nao hivyohivyo. Stampin' Up! wana mpira na fotopolima. Sasa mtu akiniambia "ya Hero Arts haigongi vizuri," mimi bado sijajua anaongelea nini. Ni sawa na kumwambia fundi kwamba kiatu chako kinabana, ukamtajia duka ulikokinunua badala ya namba ya mguu.

Swali la kwanza linatakiwa liwe hili: ulaini uko wapi?

Meza ni ngumu, na haiko sawa kabisa hata kama macho yanakudanganya. Kibao cha akriliki, yaani kile cha plastiki angavu unachoshikizia muhuri usio na mpini, ni kigumu pia. Ukikandamiza karatasi kati ya vitu viwili vigumu, muhuri utagusa pale palipoinuka na kuruka pale palipobonyea. Kwa hiyo lazima pawe na tabaka moja laini la kufidia hizo tofauti ndogo, na kila mfumo wa kupachika umeliweka tabaka hilo mahali pake.

Muhuri wa kibao cha mti unalo tayari: kati ya mti na mpira pamebandikwa sponji. Mpira wa kunata unalo pia. Mgongoni una sponji nene, mara nyingi ya aina ya EZ Mount, ambayo upande mmoja una gundi ya kudumu inayoshika mpira, na upande wa pili unajishika kwenye akriliki na kubanduka bila kuacha uchafu. Fotopolima haina sponji. Ni yenyewe tu, laini kidogo, imekaa juu ya akriliki. Mpira mtupu usiopachikwa, ule unaouzwa kwa karatasi nzima ili ukate mwenyewe, nao hauna sponji, hata ukiushikiza kibaoni kwa Tack 'n Peel, karatasi ya kunata inayotumika tena na tena, au kwa gundi ya kubandika na kubandua. Fotopolima na mpira huu mtupu ndivyo vinavyodai mkeka laini chini ya karatasi. Pedi ya kipanya cha kompyuta iliyolala kifudifudi inatosha kabisa.

Kanuni yangu ni fupi: ulaini uwepo mara moja. Ukikosekana kabisa, unapata mapengo ya yule mama mwenye ua. Ukiwa mara mbili, yaani sponji mgongoni na mkeka chini, mpira unazama, karatasi inapanda kuufuata, na zile sehemu za bondeni ambazo hazikutakiwa kugusa zinagusa. Unaona vijistari pembezoni mwa picha na ukingo wa mpira umejichora. Hapo utasikia, "kampuni hii inachonga vibaya." Haijachonga vibaya. Ondoa mkeka.

Wenye kifaa cha kugongea, kile chenye kifuniko cha bawaba kinachoshika muhuri na kuushusha palepale kila mara, wanaingia mtego huohuo kwa mlango mwingine. MISTI, kwa mfano, inakuja na mkeka wa sponji ndani. Kwa mihuri inayopenya mwanga unauacha, kwa mpira wenye sponji unautoa, kwa sababu mpira huo ni mnene zaidi. Stamparatus ya Stampin' Up! nayo ina mkeka wake kwa ajili ya fotopolima. Nimeona watu waliokaa na kifaa mwaka mzima na ule mkeka hawajawahi kuugusa, kisha wanasema kifaa kinapenda mihuri ya kampuni moja na kuchukia ya nyingine. Kifaa hakipendi wala hakichukii.

Jambo la pili kabla hujailaumu kampuni: je, fotopolima yako uliiandaa? Ikiwa mpya huwa na utando mwembamba wa mafuta uliobaki kiwandani, na wino juu yake hujikusanya vitone badala ya kutandaa. Chapa inatoka na madoadoa. Dawa ni kifutio cheupe cha penseli: pitisha kidogo juu ya uso wa picha, osha kwa maji na sabuni, gonga mara kadhaa kwenye karatasi ya kutupa, basi. Wapo wanaotumia msasa laini. Mimi msasa nauruhusu kwa picha pana zilizojaa tu, na kwa mtu ambaye ameshaharibu muhuri mmoja na anajua ulivyoharibika. (Wangu ulikuwa sentensi ndefu ya herufi nyembamba. Sitaki kuuzungumzia.)

Halafu kuna wino. Picha pana iliyojaa, ikigongwa kwa fotopolima na wino mwepesi, ina tabia ya kutoka na mawimbi. Ileile kwa mpira na wino wa pigmenti, ule mzito unaokaa juu ya karatasi, hutulia. Ukitaka kubaki na fotopolima, usisogeze muhuri, ongeza wino, gonga tena palepale. Ndiyo kazi hasa iliyofanya vifaa vya kugongea vipendwe.

Sasa, je, kampuni haina maana yoyote? Inayo, sikatai. Kina cha uchongaji kinatofautiana, na mpira uliochongwa kwa kina hausumbui kwa wino wa bondeni. Stampers Anonymous, wanaotengeneza mihuri ya msanii Tim Holtz, wana sifa hiyo na wanaistahili. Ubora wa fotopolima nao hutofautiana. Ila hayo ni maswali ya mwisho, baada ya ulaini, maandalizi na wino. Wewe umeanza nayo.

"Muhuri wa mti ndio muhuri wa kweli"

Mti ni mpini. Hauchapi kitu. Naelewa mapenzi yake: unajaa mkononi, ukiutoa kwenye boksi uko tayari, na ulaini umeshawekwa, kwa hiyo anayeanza hakosei sana. Lakini mpira ulio chini ya mti unaweza kuwa ndio huohuo unaouzwa na sponji ya kunata, na mpira ndio unaogusa karatasi.

Wanaoutetea sana husema picha iliyochorwa juu ya mti inawaonyesha pa kugonga. Geuza mihuri yako mitano ulinganishe. Mara nyingi ile picha ya juu imebandikwa bila kulingana sawasawa na mpira wa chini; ipo kukusaidia kuutambua muhuri kwenye rafu. Ukitaka kuona kweli unapogonga, tumia fotopolima juu ya kibao chenye mistari. Na muhuri wa mti ukiuingiza kwenye kifaa chenye kifuniko cha bawaba, unene wake unaleta vita. Pia usiuloweke majini. Gundi inaachia, mti unapinda, kisha unaniletea.

"Mihuri inayong'aa yote ni ileile"

La. Watu wanaita yote ya plastiki, lakini humo mna fotopolima, mna akriliki, mna na silikoni. Fotopolima ni kimiminika kilichogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ina mnato kidogo, ukiivuta taratibu inarudi, na mara nyingi ina kivuli cha manjano tangu mwanzo. Zile za bei ya chini zilizo angavu kama kioo mara nyingi ni ngumu zaidi na wino hauzikubali vizuri. Silikoni ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, kwa sababu asili yake ni kukataa vitu visishike juu yake, wino ukiwemo. Kifutio kinasaidia kidogo, usitegemee muujiza. Hapa nakubali kwamba ulinunua vibaya.

Kuna kosa moja la fotopolima ambalo nalo hutupiwa kampuni: mstari wa maandishi unaotoka umepinda. Fotopolima inavutika. Ukiubandika mstari kibaoni huku unaunyoosha, umeshaupinda. Uweke juu ya mistari ya kibao bila kuuvuta, ubonyeze kuanzia katikati kwenda pembeni.

"Umegeuka manjano, umekufa"

Haujafa. Mwanga na wino vinaibadilisha rangi fotopolima, na wino wa mafuta kama Archival ya Ranger au wa kiyeyushi kama StazOn huacha madoa yasiyotoka. Doa halichapi. Ukiona rangi yake inaingia kwenye kazi yako, hilo si doa, ni uchafu, osha. Weka mihuri mbali na jua tu. Hata mpira haupendi jua, unakauka na kupasuka.

"Hainati tena, natupa"

Vumbi na mafuta ya vidole vimefunika mgongo wake. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kufutwa na kitambaa cha kuacha nyuzi. Osha na kibao pia, maana nusu ya lawama ni ya kibao. Sponji ya EZ Mount nayo ifute kwa kitambaa chenye unyevu, usiiloweshe.

"Kandamiza kwa nguvu ili itoke vizuri"

Nguvu nyingi zinapanua mistari na kuangusha kingo. Kuna wanaoyumbisha muhuri huku na huku kama wanaponda kitu. Hao ndio wenye chapa zenye kivuli. Shusha wima, bonyeza sawasawa kwa vidole vilivyotawanyika, inua wima. Kama haijatoka, rudi kwenye swali la ulaini.

"Mpira mwekundu ndio bora"

Wekundu ni rangi tu. Mpira wa muhuri ni mpira uliopikwa pamoja na salfa, njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1844, na unaweza kutiwa kijivu, waridi au nyekundu. Angalia kina na ukali wa mistari.

Usafishaji sitaubishania sana. Vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto vingi vina losheni, nayo inaacha utando uleule uliohangaika kuuondoa kwa kifutio. Maji yanatosha kwa wino wa kawaida. Kwa StazOn utahitaji kisafishaji chake, kwenye mpira, lakini kiweke mbali na fotopolima na kibao cha akriliki. Petroli na jamaa zake zisikaribie mpira kabisa, zinauvimbisha.

Limebaki moja ninaloulizwa na wenye mihuri mingi ya mti waliochoka na nafasi inayoliwa: kuubandua mpira kutoka kwenye mti. Inawezekana, na mpira hauharibiki. Hakikisha hakuna chuma popote na kwamba ni mpira, si fotopolima. Weka kwenye maikrowevu sekunde 10, jaribu kona moja kwa kucha, ongeza nyingine chache gundi ikiwa bado inashika. Vuta polepole ukianzia pembeni. Sponji ya zamani ikija nayo, ibandue yote, usiache vipande, maana kipande kilichobaki kitakuwa kilima. Kisha kata mpira karibu na picha, ubandike upande wa gundi wa EZ Mount, na ukate sponji kwa mkasi wima. Usiinamishe mkasi kwenda ndani, kwa sababu ukingo wa mpira ukikosa sponji chini yake utatoka umefifia. Na usiache mpira wa ziada umejitokeza kama mdomo nje ya picha. Utanyonya wino, utachora mstari kwenye kadi yako, na utarudi kwangu ukiuliza uhamie kampuni gani.