GMFCS ni nini? Ile namba ya 1 mpaka 5 ya mtoto wa CP

Ukipeleka mtoto wa CP (cerebral palsy, ile wanaita mtindio wa ubongo) kwa fizio, iwe Kisumu pale Russia, yaani hospitali ya Jaramogi, Kakamega ama Nakuru, unaweza pata wameandika kwa kitabu chake GMFCS (Gross Motor Function Classification System, kipimo cha vile mtoto anajisogeza) na namba, tuseme 4. Mzazi akiona hiyo 4 roho inaruka, anadhani ni maksi ama ni ukali wa ugonjwa ama wamepima akili ya mtoto wakapata imepungua. Hapana. Hiyo namba inaongea kitu kimoja tu, mtoto anajisogezaje mwenyewe: anakaa, anatambaa, anasimama, anatembea, na akitembea anashikilia nini. Akili haimo hapo, kuongea haimo, hata mikono ina kipimo chake kingine.

CP yenyewe inatokana na ubongo kuumia ama kutokua sawa mapema, mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa ama miaka ya kwanza. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali isiyotibiwa, meninjaitisi, na huku kwetu kando ya ziwa malaria ikipanda kichwani. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini mwili unaendelea kukua na misuli iliyokaza, ndio maana shida zingine zinakuja baadaye.

Zamani kila daktari alikuwa anasema tu CP kali ama CP kidogo na hakuna aliyejua mwenzake anamaanisha nini. Ndio 1997 mtafiti Robert Palisano na wenzake, chuo cha McMaster kule Kanada, wakatoa hizi levo tano. Levo 1 mtoto anatembea na kukimbia, labda balansi tu inasumbua. Levo 2 anatembea, lakini umpeleke Vihiga kwa ile njia ya mlima na mawe atataka mkono wako. Levo 3 anatembea na woka ama magongo. Levo 4 akikaa anahitaji kushikiliwa, safari nyingi ni wilichea ama mgongoni kwa mama. Levo 5 hata kichwa ni shida kubeba.

Sasa hapa ndio watu huchanganya GMFCS na mtoto kuchelewa kukua. Kuchelewa ni kulinganisha mtoto na watoto wote, mtoto mwenye afya anafaa awe anakaa bila kushikwa kufikia miezi 9 na kutembea kufikia miezi 18, wako akipita hapo bado, amechelewa, na wazee wanakwambia ngoja tu hata babake alichelewa. Tafadhali usingoje, mpeleke aangaliwe. GMFCS yenyewe haiulizi amebaki nyuma miezi mingapi, inauliza kwa umri wake, kati ya watoto wa CP, anasonga kama wa levo gani. Kama hajafika miaka 2 hiyo namba inaweza badilika kwa hivyo apimwe tena, akipita hapo mara nyingi inakaa palepale. Najua hii inauma kusikia. Lakini levo kutobadilika sio kusema mazoezi ni bure, mazoezi yanamsaidia afike mwisho wa uwezo wake, misuli isifupike, asiumwe. Na muda ni mfupi, utafiti wa Kanada wa 2002 ulionyesha mtoto wa levo 5 anakaribia asilimia 90 ya uwezo wake wa kujisogeza kabla hajafikisha miaka 3, wa levo 1 karibu miaka 5.

Kitu kingine, na hii naomba kila mama wa levo 3, 4 na 5 aishike sana, ni nyonga. Mfupa wa paja unaanza kutoka kwa tundu lake polepole bila mtu kujua, utafiti wa Australia ulipata levo 1 hakuna hata mmoja lakini levo 5 karibu 9 kwa kila 10. Ukiona miguu haifunguki ukibadilisha nepi, ama mguu mmoja unaonekana mfupi, ama analia ukimgeuza, usiambiwe ni deka, uliza eksirei ya nyonga. Hata kama huoni dalili, uliza tu.

Levo 4 na 5 pia ndio wanaopaliwa sana. Usimlishe akiwa amelala chali, uji unaingia kwa mapafu halafu kila mwezi ni nimonia. Aketi wima, kichwa kimeinama kidogo mbele, kijiko kidogo, umpe muda. Fundi wa mbao wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha kona akipewa vipimo na fizio, magoti yakunjwe vizuri na nyayo zikanyage, sio kuning'inia.

Na mtoto wa levo 5 anaweza kuwa anaelewa kila kitu mnachosema hapo sebuleni, anacheka akisikia sauti ya kukhu yake, nyanya yake, mlangoni. Shule ni haki yake, Katiba kifungu cha 54 kimesema, na kila kaunti ina EARC, kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, wampime wajue shule gani inamfaa, usikubali mtu akufungie mlango juu ya namba.

Kliniki ijayo muulize fizio levo ni gani, aandike na tarehe, halafu akwambie levo hiyo inataka nini miezi sita ijayo, ni kiti, ni splinti (kifaa cha kushikilia mguu ama mkono ukae sawa), ni eksirei. Hata ukihama kutoka Nakuru uende Busia, fizio wa huko ataisoma hiyo namba vile vile.