Je, wajua kwa nini chungu cha kuyeyushia kinachofaa dhahabu huharibu platini?

Grafiti, kaboni ileile iliyomo kwenye penseli, inastahimili moto wa zaidi ya nyuzi 3,000 za Selsiasi pasipo hewa. Platini huyeyuka kwa nyuzi 1,768. Kwa hesabu hiyo chungu cha grafiti kingetosha na kubaki. Mbona basi sonara anayeijua kazi yake hathubutu kukitumia?

Kwa sababu chungu hakichaguliwi kwa joto peke yake. Ni lazima pia ujue chungu na madini vitapeana nini vikishakutana motoni. Platini iliyoyeyuka hunywa kaboni. Inapoganda haiwezi kuishika yote, hivyo kaboni hujitenga ndani yake kama vijipande vya grafiti. Pete itang'aa vizuri tu, lakini igonge nyundo uone: inapasuka. Chungu kikiwa na mchanganyiko wa grafiti na udongo, ni balaa zaidi. Kaboni huinyang'anya silika (kiini cha mchanga, kilichomo pia kwenye udongo) oksijeni yake, na silikoni inayobaki huingia kwenye platini na kuidhoofisha. Ndiyo maana platini huhitaji chungu cha silika safi au cha zirkonia (kauri inayostahimili moto mkali), kisicho na kaboni hata chembe.

Dhahabu, inayoyeyuka kwa nyuzi 1,064, haina haja na kaboni. Humwagika kutoka kwenye grafiti bila kunata. Ila dhahabu nyeupe yenye nikeli au paladi isitiwe humo, maana metali hizo mbili nazo hunywa kaboni.

Kwa fedha ningechagua grafiti bila kusita. Fedha iliyoyeyuka humeza oksijeni kiasi cha mara 20 ya ujazo wake, kisha ikiganda huitema. Uso hufura na kurusha matone. Grafiti huungua polepole na kuimaliza oksijeni iliyo karibu kabla fedha haijaifikia. Gharama yake ni kwamba kuta za chungu hukonda kila unapokitumia, kwa hiyo zikague kabla ya kukiwasha tena.

Chungu kipya cha udongo kina kazi yake ya kwanza. Kipashe moto taratibu ili unyevu utoke, la sivyo kitapasuka. Kikishakuwa chekundu, nyunyiza boraksi, ile chumvi nyeupe ya masonara. Itafura nyeupe kama povu la maziwa, kisha italala na kuwa kioo laini. Kishike kwa koleo, ukiinamishe huku na huku mpaka kioo kitambae ndani kote. Vitundu vya udongo vimezibika sasa, na dhahabu haitapotelea humo.

Hata hivyo, matone madogo hubaki kwenye kioo hicho baada ya kila mmwago. Chungu kilichoyeyusha kitu chenye risasi (ile metali laini na nzito) kisiguse dhahabu tena, kwa kuwa risasi kidogo sana inatosha kuifanya ipasuke unapoifua. Kila madini yawe na chungu chake.