Giallo si kila filamu ya kutisha ya Kiitaliano

Juzi nimetumiwa orodha nyingine ya "giallo kumi za kuangalia usiku ukiwa peke yako". Namba moja ni Suspiria ya Dario Argento. Namba tatu ni filamu ya maiti wanaotembea ya mwongozaji Lucio Fulci. Hii ni mara ya nne au ya tano mwaka huu, na zile za nyuma nilinyamaza.

Giallo, kwa maana wanayoikusudia wapenzi wa sinema nje ya Italia, ni filamu ya mauaji ambamo muuaji hajulikani mpaka dakika za mwisho, amevaa glavu nyeusi, ameshika kitu chenye makali, na anayemsaka mara nyingi si polisi bali mtu aliyekuwa anapita zake akaona jambo ambalo hakulielewa. Hiyo ndiyo maana yake. Vurugu imeanzia kwenye neno lenyewe.

Giallo kwa Kiitaliano ni rangi ya manjano, basi. Hutamkwa "jallo": ile i haisomwi, imewekwa hapo ili g isomeke kama j, na l zote mbili huvutwa kidogo. Zikiwa nyingi huitwa gialli. Mwaka 1929 kampuni ya uchapishaji ya Mondadori, ya Milano, ilianza kutoa mfululizo wa riwaya za upelelezi zenye majalada ya manjano. Nyingi za mwanzo zilikuwa tafsiri, kina S. S. Van Dine na Edgar Wallace, baadaye Agatha Christie. Watu walizipenda mno, na wachapishaji wengine wakaiga, hata rangi ikageuka jina la kitu, kama ambavyo mtu wa kwetu huenda dukani kuomba Colgate akapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine na asione tatizo. Mwaka 1941 utawala wa Mussolini ulizipiga marufuku. Baada ya vita zikarudi, na jina lilikuwa halijaondoka midomoni mwa watu.

Hapa ndipo orodha hizi zinaponiudhi mara mbili. Kwa Muitaliano, giallo mpaka leo ni hadithi yoyote ya upelelezi. Sherlock Holmes ni giallo. Mtu akifa kifo kisichoeleweka, gazeti la huko huandika kwamba tukio hilo ni "giallo", yaani fumbo. Kwa kipimo hicho, hata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni, ni giallo kamili, ingawa hajawahi kumgusa mtu kwa wembe. Waitaliano wakitaka kuzitaja zile filamu za glavu nyeusi peke yake huongeza neno: giallo all'italiana, ya Kiitaliano. Kwa hiyo sisi wa nje tumelichukua neno pana tukalibana, na sasa, kabla halijatulia, tunalipanua tena kuelekea upande ambao halikuwahi kwenda, upande wa mizimu.

Riwaya ziliingia kwenye filamu waziwazi. Mwongozaji Mario Bava, mwaka 1963, alitoa filamu ya msichana wa Kimarekani anayefika Roma, msomaji mkubwa wa riwaya hizo hizo za manjano, akashuhudia mauaji ambayo hakuna anayemwamini. Mwaka uliofuata akatoa Sei donne per l'assassino: nyumba ya mitindo, wanawake wanauawa mmoja mmoja, muuaji ana kofia, koti refu na uso uliofunikwa kwa kitambaa. Mwaka 1970 Dario Argento akaja na L'uccello dalle piume di cristallo, yaani ndege mwenye manyoya ya kioo, ikauza vizuri, na ghafla kila mtengenezaji wa filamu akataka jina la mnyama kwenye bango lake.

Nakiri kinachowachanganya watu ni mbwembwe. Damu nyekundu kama rangi ya mlango uliopakwa asubuhi. Taa za kijani na zambarau zisizotoka dirisha lolote. Muziki wa bendi ya Goblin unaokuja kwa kishindo kabla hujajua uogope nini. Midomo inasema hivi, sauti inasema vile, kwa sababu Waitaliano walikuwa na desturi ya kuweka sauti baadaye studio, na waigizaji kwenye eneo moja waliweza kuongea lugha tatu tofauti. (Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, na sauti ya mtafsiri imelala juu ya ya stelingi, hilo halitusumbui kabisa.) Mbwembwe hizo nazipenda, ndizo zilizonivuta. Lakini ni nguo, na nguo ile ile ilivaliwa na filamu za wachawi, za wafu na za mauaji ya kawaida. Fulci mwenyewe alifanya gialli halisi kabla ya kugeukia maiti.

Kipimo changu ni kimoja: giallo inaisha kwa "kumbe!" Kumbe ni yeye. Muuaji ni binadamu, ana jina na sababu, mara nyingi kidonda cha zamani. Profondo rosso ya Argento, ya 1975, inaanza na mwanamke anayesoma mawazo ya watu, lakini jibu lake liko kwenye kitu ambacho mpiga piano alikiona kwa macho yake mwanzoni kabisa, nawe ulikiona naye. Suspiria, miaka miwili baadaye, ina kisu, ina mikono isiyo na mwenyewe, ina maneno yaliyosikika nusunusu mlangoni. Jibu lake ni wachawi. Hapo hakuna kumbe, kuna astaghfirullah.

Zipo za mpakani. Phenomena ya 1985, yenye msichana anayeelewana na wadudu, inaniharibia hoja, na sitagombana na anayeiita giallo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa orodha, Suspiria iache hapo hapo namba moja, inastahili. Badilisha kichwa tu: "filamu kumi za kutisha za Kiitaliano". Na ukija kuisoma kwa sauti mbele za watu, ile i iruke.