Je, wajua kwa nini matatizo ya ulaji na uraibu huandamana?

Mwaka 1945, wanaume 36 waliokataa kwenda vitani walijitolea kushinda na njaa kwa takriban miezi sita katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula hadi kama nusu ya walichozoea. Walikonda, naam, lakini pia walianza kubugia kahawa mfululizo hadi ikabidi wawekewe kikomo cha vikombe 9 kwa siku. Mmoja alifikia kutafuna pakiti 40 za chingamu kwa siku. Walikuwa wamechaguliwa kwa sababu ya uzima wao wa mwili na akili. Njaa ndiyo iliyowabadilisha.

Mwaka 1979 majaribio ya panya yalionyesha jambo la jamaa moja na hilo: walionyimwa chakula walitumia dawa za kulevya kwa wingi zaidi kuliko waliposhiba. Ubongo wenye njaa huongeza hamu ya chochote kinachoamsha dopamini, kemikali inayotusukuma kutafuta raha. Kwa hiyo mtu anayejinyima chakula ili apungue huenda anautayarisha ubongo wake kwa uraibu bila kujua.

Upande wa pili ni hisia. Anayekula kupita kiasi kisha akajitapisha mara nyingi hutafuta kilekile anachotafuta mlevi: dakika chache za kutosikia aibu, hofu au upweke. Nafuu hiyo huisha upesi, aibu inarudi imeongezeka, naye anarudia. Ndiyo maana ulevi huonekana zaidi kwa wenye bulimia, yaani hao wa kula kupita kiasi na kujitapisha, kuliko kwa wenye anoreksia, ugonjwa wa kujikondesha, wanaojinyima chakula tu. Wengine huanza sigara au kokeini kwa sababu moja tu: zinakata hamu ya kula.

Ripoti ya mwaka 2003 ya kituo cha utafiti wa uraibu cha Chuo Kikuu cha Columbia ilikadiria kuwa hadi asilimia 50 ya wenye matatizo ya ulaji hutumia vibaya pombe au dawa za kulevya, wakati kwa watu wote ni asilimia 9.

Naumia nikisikia mgonjwa akiambiwa aache pombe kwanza, mambo ya chakula yatafuata. Pombe inaweza kuachwa kabisa. Chakula hakiachwi, mgonjwa anakutana nacho kila siku. Na wapo wanaoacha chupa, kisha kula na kujitapisha kukazidi. Anayemtibu mraibu amuulize pia jana alikula nini, na baada ya kula alifanya nini.