Shule ya serikali Katuba: serikali yenyewe iko wapi?

Nafundisha historia ya elimu hapa Lubumbashi, na swali linalonifikia mara nyingi ni hili: kwa nini sekondari ya serikali kule Katuba au Ruashi inadai pesa kama ya mtu binafsi?

Wakati wa Wabelgiji, mtoto wa kambi ya Union Minière, kampuni kubwa ya shaba, alisoma shule ya kampuni. Mtoto wa cité, yaani mitaa ya Waafrika, alikwenda kwa mapadri. Shule za serikali zisizo za dini zilikuwa za Wazungu, mpaka Auguste Buisseret, waziri wa makoloni kuanzia 1954, alipoanza kuwafungulia Wakongomani shule za namna hiyo. Wamisionari walichukia. Miaka ishirini baadaye, mwisho wa 1974, Mobutu akazitwaa shule za makanisa, kisha mkataba wa Februari 1977 ukayarudishia makanisa usimamizi, shule zikibaki za serikali. Ndiyo maana hapa kwetu shule yenye msalaba langoni ni ya serikali vilevile.

Tatizo la pesa lilikuja miaka ya 1990. Mishahara ya walimu ilikauka, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikaanguka, na wazazi wakaombwa wachangie "prime", nyongeza ya mshahara, ili walimu warudi darasani. Ilisemwa ni kwa muda tu. Elimu ya bure iliyoanza 2019 iliishia shule ya msingi, kwa hiyo sekondari mzazi bado anatoa.

Mwanafunzi ndiye anayeonja matokeo yake. Saa nne asubuhi, katikati ya hesabu, mkurugenzi wa nidhamu anaingia na karatasi, anasoma majina. Wenye deni wanakusanya madaftari na kutoka; mwalimu hageuki hata kidogo, anaendelea kuandika ubaoni. Nje, waliofukuzwa hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanakaa ukutani na wenzao wa zamu ya mchana, mashati meupe na suruali za bluu, wakigawana karanga na mukoyo, kinywaji cha mahindi, na wanaomba daftari la aliyebaki ndani ili wanakili somo. Kule ukutani Kiswahili kinatawala. Kifaransa kimebaki darasani.

Ukitaka kuiona serikali kwa macho, ngoja Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Tangu miaka ya 1960 ni mtihani mmoja kwa nchi nzima: insha ya Kifaransa inafanywa mapema, halafu siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Hapo prefe (mkuu wa shule), padri na mwalimu wote wananyamaza mbele ya Kinshasa. Matokeo yanafika kwa ujumbe wa simu, na aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani barabara nzima. Kwangu mimi huo ndio mshahara pekee ambao shule hizi zinalipa kwa wakati.

Na hata mtihani wenyewe, ada ya kushiriki anaitoa mzazi.